Ciao ni "Mambo", siyo "Shikamoo"

Haya wadau, nimekuwa kimya kidogo. Niko nyumbani Mpemba kwa likizo, na ukimya wenyewe umesababishwa na vitu viwili: umeme na babu yangu. Umeme mnaujua. Babu nitamfikia.

Kwanza niwaondolee utata wale mnaonisoma kutoka Dar na ughaibuni. Mimi ni mtu wa Mpemba lakini siyo Mpemba. Pemba sijawahi kufika, karafuu naziona kwenye pilau tu. Mpemba yetu iko mkoa wa Songwe, nje kidogo ya Tunduma, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Foleni ya malori ya kwenda mpakani ikizidi pale Tunduma mjini, inatufikia sisi mlangoni, na madereva wanashuka kuuliza chai.

Sasa nirudi kwenye hoja. Mwaka juzi nilipata nafasi ya kusoma shahada ya pili ya mawasiliano katika chuo kikuu kimoja kaskazini mwa Italia. Masomo yenyewe ni ya Kiingereza, lakini wanafunzi wageni tulipewa pia kozi ya Kitaliano cha kuanzia, ngazi wanayoiita A1. Ngazi ziko sita, A1 mpaka C2, ni utaratibu uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Mtu wa A1 anaweza kujitambulisha, kununua mkate na kupotea njia kwa adabu. Mtihani unasahihishwa kwa alama 30, kufaulu ni 18, na kozi ilikuwa na krediti ambazo nilizihitaji, kwa sababu krediti zikipungua na posho inapungua. Kwa hiyo haikuwa starehe.

Siku ya kwanza mwalimu, mama mmoja mpole sana, akatuuliza mmoja mmoja tunatoka wapi na tunajua lugha gani. Nilipotaja Mpemba, kijana mmoja wa fizikia kutoka India karibu aruke kitini. Akataka kujua kama ndiko anakotoka yule Mpemba wa maji ya moto! Nikamweleza kuwa yule ni Erasto Mpemba, jina la mtu, na sisi ni jina la mahali. (Kama hamumjui, ni aibu yetu: mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa jokofuni ukiwa wa moto umeganda kabla ya uliopoa. Alipouliza darasani, alichekwa. Mwaka 1969 swali lake lilichapishwa katika jarida la fizikia pamoja na Denis Osborne, mhadhiri wa Dar es Salaam, na leo linafundishwa dunia nzima kwa jina lake.)

Ikaja zamu ya lugha. Nikajibu: Kiingereza. Nikanyamaza kidogo, halafu nikaongeza, "na lugha kidogo za kwetu."

Lugha kidogo za kwetu! Kiswahili nilichoanza nacho darasa la kwanza, Kinyamwanga cha bibi, na Kibemba changu cha kununulia vitu Nakonde, vyote nikavikunja kama leso nikavitia mfukoni. Mimi mwandishi wa habari wa Kiswahili! UNESCO wenyewe mwaka 2021 waliipa lugha yangu siku yake, Julai 7, na mimi kila mwaka naandika makala ya kuisherehekea. Sikulazimishwa na mtu. Mwalimu aliuliza tu, nami nikajibu hivyo.

Basi kuanzia siku hiyo mwalimu akanihesabu kwenye kundi la wanaojua Kiingereza, na kila nilipokwama ananieleza kwa Kiingereza. Ndipo matatizo yalipoanzia.

Chukua neno la kwanza kabisa, "ciao", linalosomeka "chao". Kitabu chetu kililieleza kwa lile neno la Kiingereza la kusalimia mtu yeyote, awe mtoto au rais. Nikalibeba hivyo hivyo. Chini ya bweni letu kulikuwa na duka la mikate la bibi mmoja wa miaka sabini na kitu. Kila asubuhi naingia nimechangamka: "Ciao!" Bibi ananitazama, ananijibu "Buongiorno" kwa sauti ya baridi, ananipa mkate, basi. Wiki tatu! Wengine wanaingia anaongea nao, anacheka nao. Mimi mkate na chenji.

Sitawaficha. Nilishaanza kuandika makala ya kuwekwa hapa hapa kuhusu ubaguzi wa rangi kwenye maduka ya Italia. Kichwa cha habari nilikuwa nacho, na kilikuwa kikali. Ubaguzi upo kule, nimeuona na siku moja nitauandikia, lakini nilikuwa karibu kumtangaza bibi wa watu kwa kosa langu mwenyewe.

Aliyeniokoa ni mwanafunzi mwenzetu wa Goma. Yeye Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, Kifaransa chake kizuri, na Kiswahili chake kile cha Kongo kinachotufanya tutabasamu. Tulikwenda pamoja kununua mkate, akanisikia, tulipotoka nje akanishika mkono: "Ndugu yangu, uko naambia mama muzee 'mambo'?"

Nilisimama palepale barabarani. Ciao ni MAMBO! Ni salamu ya rika, ya mshikaji, ya mtoto. Mtu mzima usiyemzoea anapewa "buongiorno", na ukiendelea kuzungumza naye unatumia "Lei", siyo "tu". Sasa niambieni, kuna Mtanzania gani anayehitaji kufundishwa kwamba bibi wa miaka sabini haambiwi mambo? Tunalijua hilo tangu tukiwa na miaka mitatu, tumechapwa kwa ajili yake. Ujuzi wote huo nilikuwa nao, ila nilipita njia ya Kiingereza, ambako mkubwa na mdogo wote ni neno moja, nikaukuta umefutika.

Kichekesho ni kwamba ciao nayo zamani ilikuwa salamu ya kujishusha. Ilitoka kwa watu wa Venice, maana yake "mimi ni mtumwa wako", binamu kabisa wa shikamoo yetu tunayoambiwa ni kushika miguu. Kadiri miaka ilivyokwenda ikashuka mpaka kwa vijana. Na kwa kuwa tumefika Venice: neno letu "balozi" nalo limesafiri kutoka huko huko, kwa mwakilishi wao aliyeitwa "bailo", likapita kwa Waturuki na Waarabu mpaka pwani yetu. Balozi wa nyumba kumi wa mtaani kwenu ana cheo cha Kitaliano na hajui.

Kesho yake nikaingia dukani: "Buongiorno, signora." Akaniuliza natoka wapi.

Mtihani wa kwanza nilipata 15. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akanishauri nizidi kufikiri kwa Kiingereza. Nikaitikia, lakini jioni nikaenda kwa kijana wa Goma na daftari jipya, tukaanza upya.

Wadau, nilichokiona kwenye daftari lile kimenifanya nikasirike mpaka leo. Kiingereza kinasema mtu "yuko" na njaa, kwamba yeye "ni" mwenye njaa. Mtaliano anasema "ho fame", NINA njaa. "Ho sete", nina kiu. "Ho sonno", nina usingizi. "Ho paura", nina hofu. "Ho fretta", nina haraka. Umri je? "Quanti anni hai?" Una miaka mingapi? "Ho ventisei anni", nina miaka ishirini na sita. Neno kwa neno! Darasani tulitumia kipindi kizima kuonywa tusitumie kitenzi cha "kuwa", onyo ambalo Mswahili halihitaji kabisa. Tulikuwa tunatibiwa ugonjwa wa watu wengine.

Kuna "sentire". Kitabu kilisema kina maana tatu tofauti, za kukariri: kupata sauti, kupata harufu, kupata hisia ya mwili. Darasa zima likaguna. Yule wa Goma akaniandikia neno moja tu: KUSIKIA. Nasikia muziki, nasikia harufu, nasikia baridi. "Sento" tatu, "nasikia" tatu. "Hata sisi tunasema hivyo," akaniambia, "niko nasikia baridi." Na kweli tulikuwa tunaisikia, ilikuwa Januari.

Sifa inakaa nyuma ya jina: "casa nuova", nyumba mpya. Kitenzi kinambeba mtendaji ndani yake: "mangio" nakula, "mangi" unakula, huna haja ya kusema "mimi, mimi" kila sentensi. Na upatanisho! "Libro nuovo" kitabu kipya, "libri nuovi" vitabu vipya. Wenzetu waliolelewa na Kiingereza walikuwa wanashangaa kwa nini sifa ibadilike kwa sababu ya jina. Sisi tunabadilisha sifa, kitenzi, kionyeshi, kila kitu, tena kwa ngeli nyingi kuliko jinsia mbili za Kitaliano. Mtu aliyebeba ki-vi, m-mi na ji-ma tangu utotoni unamtishia o na a? Hata herufi "gn" iliyowatoa jasho ni "ny" yetu tu. Bologna ni Bolonya, basi.

Msinielewe vibaya, siyo kwamba Kitaliano ni Kiswahili kilichovaa suti. Vile vijineno vya mbele ya majina, il, lo, la, i, gli, le, havina ndugu kwetu na vilinitesa mpaka mwisho. Konsonanti mbili ndiyo balaa zaidi. "Nonno" ni babu, "nono" ni wa tisa, na sikio langu lilikuwa halisikii tofauti. "Anni" ni miaka, lakini ukila n moja unakuwa umetaja sehemu ya mwili ambayo haitajwi mbele ya wakwe. Nilitangaza darasani kwamba ninazo ishirini na sita. Halafu kuna maneno ya mtego: "moto" kwao ni pikipiki, "mia" ni yangu, "pesa" ni "ina uzito". Sokoni muuzaji aliniambia "pesa due chili", yaani ni kilo mbili, mimi nikatoa waleti.

Mitego hii haimo kwenye kitabu cha Kitaliano kinachopitia Kiingereza, kwa sababu Mwingereza hanaswi nayo. Inatunasa sisi peke yetu, na sisi hatujaiandikia kitabu. Au kama kipo, mimi hakikunifikia.

Upande wa pili wameshaandika. Chuo Kikuu cha Napoli kiitwacho L'Orientale kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Marehemu Profesa Elena Bertoncini, aliyefundisha huko na kuandika mengi kuhusu fasihi yetu, ana kitabu cha kozi kinachoitwa "Kiswahili kwa furaha", na maelezo yake ni ya Kitaliano. Kabla yake padri mmoja wa Consolata, Merlo Pick, alitunga kamusi ya Kiswahili na Kitaliano. Mtaliano anayetaka lugha yetu anapita moja kwa moja kutoka kwake kuja kwetu. Sisi tunaotaka yake tunapandishwa basi la London kwanza.

Mtasema hiyo ni kazi ya kitaalamu, watu wa kawaida hawawezi. Nendeni Kiwengwa Zanzibar au Malindi na Watamu kule Kenya. Waitaliano walianza kuzoeleka Malindi tangu miaka ya 1960, wakati nchi yao ilipoweka kituo cha kurushia setilaiti baharini, San Marco. Leo utakuta papasi aliyeishia darasa la saba anabishana bei kwa Kitaliano, anatania, anabembeleza. Hakupitia Kiingereza, labda kwa kuwa hakuwa nacho. Hatumwiti msomi wa lugha, tunamwita papasi.

Wala sihitaji kwenda pwani. Mama yangu mdogo anauza mchele na maharage hapa mpakani. Kibemba alikipata Nakonde kwa kukiweka sambamba na alichokuwa nacho tayari: umuntu, abantu, ni mtu, watu, umwana ni mwana, ukulya ni kula, na panapotofautiana, kama "natotela" ya asante, anakariri. Ukimwambia akapitie Kiingereza kwanza ili amuuzie Mzambia maharage atakuona umeugua.

Sasa babu.

Nilipofika nyumbani nikampa shikamoo yake, akaniitikia marahaba, akaniuliza kule nilikokuwa ni nchi gani hasa. Nikamwambia Italia. Akakaa vizuri kwenye kiti. "Kome stai?" akanisalimia.

Wadau, nimeishi na mzee huyu miaka yote na sikujua! Wengi wenu mkisikia njia ya Zambia mnawaza reli ya TAZARA na Wachina, miaka ya 1970. Lakini kabla ya Wachina walikuwepo Waitaliano. Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia Novemba 1965, Zambia ilibanwa mafuta, ikabidi yapite kwetu kwa malori kwenye barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliibatiza njia ya jehanamu. Malori mengi yalikuwa Fiat, ya kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services ambayo Waitaliano walikuwa na hisa zao ndani yake. Bomba lenyewe la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, kilomita 1,710, lilijengwa na kampuni ya Kitaliano ya Snamprogetti na likakamilika mwaka 1968. Babu alikuwa kibarua wa kuchimba mtaro, kijana wa miaka kama kumi na nane, na bomba lilipokwisha akawa utingo wa Fiat.

Kiingereza hakukijua wakati ule na hakijui sasa. Nikamuuliza alijifunzaje. Akasema alikuwa anaangalia neno linafanya kazi gani, halafu anatafuta la kwetu linalofanya kazi hiyo hiyo. Wakati wa kushusha vyuma wanasema "piano piano", akajua ni polepole, kwa sababu na wao wanalisema mara mbili kama sisi. Msimamizi wao mmoja alikuwa mzee, wenzake wakimwita Nonno. Babu alilitamka mbele yangu, nonno, n mbili kamili zimesimama wima! Nikamwomba anifundishe. "Usiikimbie hiyo n," akasema. "Ishikilie kama mtu anayesita kumkumbusha mwenzake deni."

Nimelipa ada ya chuo Ulaya, wadau.

Akanisimulia pia siku kibarua mmoja mgeni alipoona chuma kinateleza kurudi mtaroni, akapiga kelele: "Bomba! Bomba!" Waitaliano wote wakalala chini kifudifudi. Kwao bomba ni bomu. Hili la kwetu wanaliita "tubo". Sijui kama babu ameongeza chumvi, anapenda kuongeza, lakini mtego huo nao nimeuandika.

Maana nimeanza kuandika. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Idara ya Lugha za Kigeni na kuna Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, zote kwenye kilima kimoja. Sidai maprofesa wa Italia wajifunze Kiswahili kwa ajili yangu. Darasa letu lilikuwa na watu wa nchi kumi na kitu, mama wa watu angefanyaje? Nadai sisi tuandike zile kurasa thelathini za kwanza, za Kitaliano, za Kireno, za Kichina, za lugha yoyote tunayoipeleka watoto wetu kuisoma, tukianzia kwenye Kiswahili. Kuna vijana waliomaliza kidato cha nne na Kiingereza cha kubahatisha ambao wameshajiaminisha kuwa hawana kichwa cha lugha, na kila mmoja wao anazungumza mbili au tatu bila kuzihesabu. Nami sikuzihesabu zangu, tena nikiwa na digrii.

Mtihani wa marudio nilipata 26, kama kuna anayetaka kujua.

Kwa hiyo kila jioni, malori yakiunguruma huko barabarani, nakaa na babu na daftari. Jana aliniuliza mjukuu ni nani kwa Kitaliano. Nikamwambia "nipote", na kwamba neno hilo hilo ndilo mpwa. Akakataa kabisa. Mjukuu ni mjukuu, mpwa ni mpwa, hapo Waitaliano walikosea. Halafu akaniomba nimsomee ukurasa wa kwanza. Nikasoma kwa majivuno: ciao ni mambo.

Akatikisa kichwa. Kwenye bomba, anasema, jioni kazi ikiisha walikuwa wanaagana nayo pia, na yeye hajawahi kusikia mtu anaagwa kwa mambo.

Nimefuta. Naandika upya.